Mwito Unaoitikiwa: Namna ya Kumfundisha Mbwa Kurudi Anapoitwa Matembezini

Mbwa anayerudi kwa uhakika hufanya mambo manne mfululizo anaposikia mwito wa mwenyewe: huacha alichokuwa akikifanya, hugeuka, huja moja kwa moja, kisha hutulia mpaka ashikwe kola. Likipungua moja, mafunzo hayajakamilika. Mbwa anayeinua kichwa kisha akaendelea kunusa hajarudi. Anayekuja mbio halafu akabaki anazunguka hatua tatu kutoka kwa mwenyewe, asishikike, naye hajarudi. Na yule anayetii vizuri uani lakini akajifanya hasikii mara amwonapo paka barabarani amejifunza kurudi uani tu.

Mafunzo haya hayahitaji fedha nyingi wala mbwa wa ukoo maalumu. Mbwa wa kienyeji aliyeokotwa sokoni hujifunza, na mbwa wa gharama kubwa aliyetoka nje ya nchi hujifunza vilevile. Msingi wake ni mmoja: mwito ni ahadi, na mbwa huitika kwa kadiri ahadi hiyo ilivyotimizwa huko nyuma. Mwenye mbwa anayeitimiza kila mara, tena kwa ukarimu, hupata mbwa anayegeuka hata akiwa katikati ya mbio. Anayeita ovyo, au anayeita ili aadhibu, huupoteza mwito wake kidogo kidogo mpaka ubaki kelele.

Kwa nini ni jambo zito

Matembezi ya mbwa katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hupita katikati ya mambo mengi. Bodaboda huchomoza kichochoroni bila kupiga honi. Kuku hupekua kando ya njia, mbuzi hufungwa kwenye vigingi, watoto hutoka shuleni kwa makundi. Mbwa akimfukuza mbuzi wa jirani, hata bila kumng'ata, ugomvi huanza siku hiyohiyo, na mara nyingi anayelipa ni mbwa mwenyewe, kwa jiwe au kwa nyama iliyotiwa sumu.

Lipo pia suala la afya ya watu. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa asiyerudi anapoitwa ndiye anayeishia kupigana jalalani na mbwa koko ambaye hakuna ajuaye kama amewahi kuchanjwa. Chanjo inayoanza mbwa akiwa na umri wa miezi 3 na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo ndiyo kinga ya kwanza. Utii wa kurudi ni kinga ya pili, kwa sababu huzuia makabiliano yenyewe yasitokee.

Kisha wapo wapita njia. Watu wengi hawakukulia na mbwa wa kubembelezwa. Mbwa waliyemjua ni mlinzi anayefunguliwa usiku, na hofu yao ina sababu. Katika mwambao, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa huhesabiwa najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayemrukia kwa furaha mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini anamrudisha nyumbani kujisafisha na kubadili nguo. Kumwambia mzee huyo kwamba mbwa haumi hakumwondolei udhia. Kinachomfaa ni mbwa kuitwa mapema, akaja, akashikwa mpaka mzee apite.

Sheria hiyohiyo ya Kishafi inamtambua vizuri mbwa aliyefunzwa. Sura ya Al-Maida katika Kurani inaruhusu kula windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na wanazuoni wakaeleza mbwa wa namna hiyo ni yupi. Imamu Nawawi, aliyeishi katika karne ya 13 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwa muda mrefu katika madarasa ya pwani, anaweka masharti: aende anapotumwa, aache anapokatazwa na mwenyewe, alishike windo na asilile. Tena haitoshi afanye hivyo mara moja. Ni lazima ijirudie mpaka idhaniwe kweli kwamba mnyama amefunzika. Hicho ndicho kipimo ambacho mkufunzi wa leo hukitumia kabla ya kumfungua mbwa kamba.

Kinachomrudisha mbwa

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya visanduku. Paka walihangaika huku na huko mpaka wakagusa kwa bahati kile kilichofungua mlango, wakatoka na kukuta chakula. Kila waliporudishwa, walihangaika kidogo zaidi na kufungua upesi zaidi. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linalofuatwa na raha hurudiwa, na linalofuatwa na karaha hupungua. Katika miaka hiyohiyo Ivan Pavlov wa Urusi aliwachunguza mbwa walioanza kudondokwa na mate kwa kusikia tu mlio uliozoea kutangulia chakula.

Mambo haya mawili hukutana katika mwito. Mlio wa mwito huwa habari njema kwa njia aliyoionyesha Pavlov: mbwa huusikia na mwili wake hujiandaa kupokea kitu kizuri kabla hajafikiri lolote. Na tendo la kuja hukomaa kwa njia ya Thorndike: kila alipokuja alifurahi, basi anakuja tena. Mwenye mbwa anayelielewa hili haulizi tena kama mbwa wake ana adabu. Anauliza mbwa huyu amepata nini kila alipokuja.

Swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini mbwa aliyelala sebuleni huja mbio, na yuleyule akiwa uwanjani hageuki. Sebuleni hakuna kinachoshindana na mwito. Uwanjani kuna mkojo wa mbwa mwingine kwenye nguzo, ambao pua yake huusoma kama taarifa kamili ya aliyepita pale. Kuna mjusi kwenye majani na kuna mabaki ya mishikaki kando ya njia. Kila kimoja kinalipa papo hapo. Mbwa anayechagua harufu badala ya mwito hana jeuri. Amechagua chenye malipo makubwa zaidi kwa uzoefu alionao.

Kuongeza sauti hakusaidii. Masikio ya mbwa hupokea milio ya masafa ya juu hadi kiasi cha hezi 45,000, ilhali binadamu huishia karibu na 20,000, na mbwa husikia milio hafifu ya mbali ambayo mtu haisikii. Mbwa aliye mita 30 amesikia. Sauti iliyopandishwa kwa hasira humwongezea habari moja tu, kwamba mwenyewe amekasirika, na mnyama yeyote mwenye akili husita kumwendea aliyekasirika.

Jambo la mwisho la kufahamu ni kwamba mbwa hujifunza pamoja na mahali. Amri aliyoizoea jikoni ameifunga na sakafu ya jikoni, na harufu yake, na mtu aliyesimama pale. Akipelekwa uwanjani ni kama anaanza upya, ingawa safari hii huelewa haraka zaidi. Ndiyo maana mafunzo hupanda hatua kwa hatua, na kila mahali papya hudai mazoezi yake.

Maandalizi

Kitu cha kwanza ni mwito wenyewe. Neno lifaalo ni fupi, husemeka kwa sauti ya uchangamfu, na halisikiki ovyo nyumbani. "Njoo" hutamkwa kutwa nzima kwa watoto, kwa wageni na kwenye simu, hivyo mbwa hulizoea kama sauti isiyomhusu. Wengi hufanikiwa zaidi kwa "Hapa!" au kwa jina la mbwa likifuatiwa na mluzi wa namna moja. Filimbi ni bora zaidi, kwani haipandi kwa hasira, haichoki, na baba, mama na watoto wakiipuliza hutoa mlio uleule. Wachungaji wa kondoo wa Uingereza wameitegemea kwa muda mrefu kuwaongoza mbwa walio mbali sana kwenye milima. Kwa yule ambaye mwito wake wa zamani umeshapuuzwa mara nyingi, njia fupi ni kuuacha na kuanza na mwito mpya.

Cha pili ni tuzo. Chakula cha kila siku, kama ugali uliochanganywa na dagaa, hakitoshi kushindana na mjusi. Tuzo ya mwito iwe kitu ambacho mbwa hakipati kwa njia nyingine: maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nyama ya kuku isiyo na mfupa, au jibini kidogo. Vipande viwe vidogo ili mbwa ale vingi bila kushiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa haifai, maana huvunjika vipande vyenye ncha, na vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa.

Cha tatu ni kamba nyepesi ya urefu wa mita 10 hivi, isiyo na fundo katikati, inayofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Isifungwe kwenye kola, kwa sababu mbwa anayefika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kuumia shingo. Kamba huburuzwa chini au huachwa ipite viganjani kwa ulegevu. Isizungushwe kidoleni wala mkononi. Kazi yake si kumvuta mbwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba akikosea hapati kufaidi kosa lake kwa kufukuza kuku.

Cha nne ni alama ya kusifu, yaani mlio au neno fupi linalomwambia mbwa, kwa wakati uleule, kwamba hapo amepatia na tuzo inakuja. Mfano mzuri wa matumizi yake uko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya husikia mlio mfupi wa "klik", kisha hupewa chakula. Kwa kuwa mlio hauchelewi, mnyama hujua hasa ni tendo gani lililolipwa, hata kama chakula kimemfikia baadaye kidogo. Kwa mbwa, neno "Safi!" likitamkwa kwa namna moja kila mara linatosha.

Hatua za mafunzo

Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya nyumba na haimdai mbwa chochote. Mwito hutolewa mbwa akiwa karibu, na kipande cha maini hufuata papo hapo. Hurudiwa mara 10 hivi kwa kipindi, vipindi viwili au vitatu kwa siku, kwa siku kadhaa. Dalili ya kufuzu iko wazi: mbwa akiusikia mwito huku akitazama kwingine, kichwa hugeuka kwa ghafla, kama aliyeguswa begani.

Hatua ya pili ni umbali mfupi. Watu wawili hukaa pande mbili za chumba, baadaye pande mbili za ua, wakimwita mbwa kwa zamu. Anayeita hutoa tuzo, na asiyeita hutulia kimya. Watoto hulipenda zoezi hili na hulifanya vizuri wakisimamiwa. Umbali huongezwa pale tu mbwa anapokuja bila kusita.

Hatua ya tatu ni kushikwa. Mbwa wengi hukwepa mkono kwa sababu mkono uendao shingoni umezoea kuleta mnyororo. Dawa yake ni kuugeuza mpangilio huo: kola hushikwa kwa upole, kipande cha nyama hutolewa, kola huachiwa. Baada ya siku chache mbwa huisogeza shingo yake mwenyewe. Tangu hapo kila mwito humalizika kwa kola kushikwa, hata kwa sekunde moja, ili tendo hilo liwe sehemu ya kawaida ya kurudi.

Hatua ya nne ni kamba ndefu uwanjani, na hapa ndipo mafunzo yanapoiva. Uwanja wa shule siku ya Jumapili asubuhi unafaa, kukiwa kimya na jua halijawa kali. Mbwa huachwa azoee kwanza, anuse na kukojoa, mpaka ile hamu ya mwanzo ipungue. Tuseme yuko mita 6 mbele, pua imezama kwenye majani chini ya mwarobaini. Mkufunzi hamwiti mara moja. Husubiri mpaka sikio moja ligeuke nyuma au pua iinuke kidogo, dalili kwamba harufu imelegeza mshiko wake. Ndipo huita, mara moja tu. Mbwa anapogeuza kichwa, kabla hata hajapiga hatua, "Safi!" hutoka, na mkufunzi hurudi nyuma hatua chache akimpa mbwa ubavu, kwa sababu mbwa huvutwa na kiendacho mbali naye kuliko kimjiacho. Mbwa hufika mbio. Mkono mmoja hushika kola, mwingine hutoa nyama karibu na goti: kipande kimoja, cha pili, cha tatu, kimoja kimoja, huku akisifiwa. Kisha kola huachiwa, mkufunzi husema "Haya, nenda!", na mbwa hurudi kwenye mwarobaini uleule na harufu ileile.

Kuachiwa huko ni sehemu ya tuzo, na pengine ndiyo sehemu kubwa zaidi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani David Premack alionyesha kwamba tendo ambalo mnyama hulipenda sana laweza kutumika kulipia tendo asilolipenda sana. Mbwa anayetaka kunusa hulipwa kwa kuruhusiwa kunusa. Akielewa kwamba kuitika mwito hakumalizi starehe, bali hukatiza kidogo tu, tena kwa nyama, hana sababu ya kuukwepa. Kwa hiyo kati ya miito kumi ya matembezi mamoja, tisa imalizike kwa "Haya, nenda!" na mmoja tu kwa kufungwa kamba.

Hatua ya tano ni ngazi ya vishawishi. Mwenye mbwa huorodhesha vitu vinavyomvuta mbwa wake, kuanzia kinachomvuta kidogo hadi kinachompa wazimu. Kwa mmoja orodha huenda ikaanza na mtu anayepita mbali, ikafuata mpira, mbwa mwingine, mbuzi, na juu kabisa kuku anayekimbia. Mazoezi huanzia chini, tena kwa umbali. Mbwa humwona mbuzi akiwa mita 50, ambako bado anaweza kufikiri. Huitwa, hulipwa, huachiwa. Umbali hupunguzwa siku kwa siku. Akishindwa kuitika mara mbili mfululizo, maana yake amepelekwa mbele mno, naye hurudishwa ngazi ya chini bila lawama.

Hatua ya sita ni kufunguliwa. Kabla ya hapo kamba ndefu huachwa iburuzwe bila kushikwa kwa wiki kadhaa. Ikiwa katika muda huo mbwa ameitika mara ya kwanza alipoitwa, mahali tofauti, mbele ya vishawishi tofauti, kwa mfululizo usio na shaka, hufunguliwa mahali palipozungushiwa uzio. Akitetereka, kamba hurudi, bila haraka na bila aibu.

Tuzo haikomi baada ya hapo. B. F. Skinner na Charles Ferster walionyesha katika kazi yao ya mwaka 1957 kwamba tendo linalolipwa kwa nyakati zisizotabirika hudumu zaidi ya linalolipwa kila mara kisha malipo yakakatika ghafla. Katika mwito, njia salama ni kulipa kila mara lakini kubadilisha kiwango. Mara nyingine iwe sifa na kupapaswa, mara nyingine kipande kimoja, na mara chache, bila mbwa kutarajia, konzi nzima ya maini kwa kurudi kulikokuwa kugumu kweli.

Mambo yanayouharibu mwito

Mwito hujengwa taratibu na huweza kubomoka kwa wiki moja. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwadhibu mbwa aliyekuja. Mbwa aliyechezea jalalani kwa nusu saa, akaitwa, akaja, akachapwa, hafundishwi kwamba jalala ni baya. Kilicho karibu zaidi na kiboko ni kule kuja kwake, na hicho ndicho anachojifunza kukiepuka. Hata akichelewa kwa kiasi cha kukera, akifika apokewe vizuri. Hasira iishie kwa mwenyewe, na funzo lake ni kwamba hakupaswa kumfungua.

Kosa la pili ni kumwita kwa mambo asiyoyapenda: kuogeshwa, kunyweshwa dawa, kuingizwa bandani, kumalizwa matembezi. Kwa hayo mbwa afuatwe alipo na kuchukuliwa kwa upole, au aitwe, alipwe, achezeshwe dakika moja, ndipo shughuli ianze.

Kosa la tatu ni kurudiarudia. "Simba! Simba! Hapa! Simba, hapa, wewe!" humfundisha mbwa kwamba mwito wa kwanza hadi wa nne ni utangulizi. Aitwe mara moja. Asipokuja, mwenyewe apunguze umbali, atoe mlio wa kuvutia kwa mdomo au amwongoze kwa kamba.

Kosa la nne ni kuita pale ambapo kuna uhakika kwamba hataitika. Mbwa ambaye bado yuko ngazi ya chini ya mafunzo, akiwa ameshaanza kumfukuza paka, haitwi. Hufuatwa na kushikwa. Mwito unaotolewa wakati huo haumleti mbwa na hudhoofisha maneno ya kesho.

Mbwa akigoma

Hutokea mbwa akafunguka kwa bahati mbaya, au akasimama mbali akakataa kusogea. Kumkimbiza ni kosa, maana mbwa ana kasi kuliko mtu na huugeuza mkimbizano kuwa mchezo. Kinachofaa ni kinyume chake. Mwenyewe hukimbia kuelekea upande mwingine huku akitoa sauti za furaha, au huchuchumaa akampa mbwa ubavu na kuchakura majani kana kwamba ameona kitu. Udadisi humleta. Akifika hashikwi kwa kurukiwa. Hupewa chakula kwanza, na mkono huifikia kola kutokea chini ya kidevu, si juu ya kichwa.

Kwa dharura halisi, kama gari linakuja, familia nyingi zenye mbwa huwa na mwito wa pili unaotunzwa kando, aghalabu wa filimbi. Mwito huo hutumika mara chache sana, na kila unapotumika hata mazoezini hulipwa kwa kitu bora kabisa alicho nacho mwenyewe, kwa wingi. Hauchezewi wala hautumiki kwa mambo madogo, na kwa sababu hiyo hubaki na nguvu siku ya hatari.

Mikanda ya umeme

Baadhi ya wafugaji hukimbilia mikanda ya shingoni inayotoa mshtuko wa umeme kwa rimoti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza walichapisha mwaka 2020 ulinganisho wa mbwa 63 waliokuwa na tatizo la kutorudi. Waliwagawa katika makundi matatu: waliofunzwa kwa mikanda ya umeme, waliofunzwa na wakufunzi walewale bila mikanda hiyo, na waliofunzwa na wakufunzi wanaotegemea tuzo. Kundi la tuzo liliitika vizuri zaidi kwa amri ya kwanza, na hapakuonekana sababu ya kusema umeme ni wa lazima. Wales ilikuwa imeshapiga marufuku mikanda hiyo tangu mwaka 2010. Mbali na maumivu, mshtuko una hatari ya wazi: mbwa anayechomwa wakati akimtazama mtoto anayepita anaweza kuyahusisha maumivu na mtoto.

Umri na tabia za asili

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hadi 4 hufundishika kwa wepesi, kwani kwa asili hujibanza kwa mwenyewe. Wengi hudanganyika katika kipindi hicho wakadhani kazi imekwisha. Kati ya miezi 6 na 18 mbwa hubalehe, dunia inamvutia kuliko mwenyewe, na mwito uliokuwa imara hulegea. Ni kipindi cha kupita, na dawa yake ni kurudi kwenye kamba ndefu na kuongeza ubora wa tuzo mpaka akili itulie.

Mbwa aliyeokotwa akiwa mkubwa huhitaji kwanza kuamini kwamba mtu si tishio. Wiki za mwanzo zitumike kumlisha kwa mkono na kumzoesha jina. Mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kufukuza kwa macho, wenye miguu mirefu na mbio kali, huamka kwa mwendo wa ghafla, na wengine hawafai kufunguliwa kamwe mahali pasipo na uzio. Kukubali hivyo ni sehemu ya malezi mema, na kamba ya mita 10 huwapa uhuru wa kutosha.

Mahali na adabu ya matembezi

Hata mbwa mtiifu hafunguliwi kila mahali. Barabara yenye magari, soko, njia ya mifugo, na ufuo wenye watu wengi ni mahali pa kamba. Katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao wenye mbwa wengi huutumia kwa matembezi, kanuni inataka mbwa wawe kwenye kamba, na hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa kufugwa kuingia. Panaporuhusiwa kumfungua, mwenyewe hutazama mbele kuliko mbwa wake. Akimwona mtu anakuja, huita mapema, hushika kola, husogea pembeni na kusalimia. Mpita njia aliyeona mara moja mbwa akiitwa na kuitika hupunguza hofu yake, na mtaa mzima hunufaika.

Mwito uliokwisha kufundishwa hutunzwa maisha yote ya mbwa. Miito michache katika kila matembezi, isiyo na sababu ila kulipa na kuachia, hutosha kuuweka hai. Tangu mwanzo ni vizuri kuambatanisha mwito na ishara ya mkono, kama kuutandaza mkono ubavuni, kwa sababu mbwa wengi hupoteza usikivu wakizeeka. Mbwa aliyeifahamu ishara hiyo ujanani huendelea kurudi kwa macho pale masikio yanapomwishia, na matembezi yake hayahitaji kukoma.